Insha Iliyounguza Maharage

Jumapili jioni bweni letu lote linanuka rangi ya viatu. Kila msichana ameinamia kiatu chake, anasugua, kwa sababu kesho asubuhi kuna ukaguzi, na matroni wetu ana macho ya kuona vumbi ambalo bado liko hewani halijaamua litue wapi. Wenzangu wakinusa ile harufu wanakumbuka adhabu. Mimi nakumbuka maharage yaliyoungua. Msinicheke kwanza, nitawaeleza.

Hapa shuleni jina langu ni Wembe. Ukiwa na insha ya kurasa nne na mwalimu ametaka mmoja, unaniletea mimi, unakaa kando, unaziba macho. Natoa "kama sisi sote tunavyojua". Natoa "katika ulimwengu wa leo". Natoa "kwa kweli" hata kama ni kweli. Juzi msichana mmoja alitokwa machozi nilipomfutia aya nzima ya jua likitua, nikamwambia jua litatua tu, halimsubiri yeye. Akachukua karatasi yake akaenda, akarudi baada ya kupewa alama, akanigawia nusu ya chapati yake bila kusema neno. Naye alikuwa ameanza kujifunza.

Lakini mtu aliyenijua kambi ya wakimbizi ya Nakivale akisikia naitwa Wembe ataanguka chini kwa kicheko. Kule niliitwa Redio. Tena redio isiyo na pa kuizimia.

Si kosa langu peke yangu. Ninyi mliokulia kambini mnajua jinsi mtu anavyokuja kuazima kinu. Haji kuazima kinu. Anakuja kusalimia. Anauliza mmeamkaje, watoto wazima, shamba linasemaje, kuna habari gani ya Kongo, na yule mzee wa mguu, mguu umepona? Mama anajibu yote, halafu anauliza yote upya, akianzia kwa bibi yake mgeni. Wanashukuru Mungu kwa pumzi. Siku nyingine wanaomba kabisa, macho yamefumbwa, huku mimi nimesimama na sufuria mkononi sijui niiweke chini au niombe nayo. Mwishowe mgeni anasimama, anaaga, anafika mlangoni, mguu mmoja uko nje tayari, na hapo ndipo anageuka: "Aa, nilikuwa nasahau. Kinu yenu iko fasi gani?" Yaani kiko wapi. Neno lililomtoa kwake linakuja la mwisho, dogo, limejificha nyuma ya mengine kama mtoto nyuma ya kitenge cha mama yake. Hiyo ndiyo adabu. Anayeanza na kinu amelelewa na mbuzi.

Maneno machache nayo niliyajua. Asubuhi moja jirani alisimama uani kwetu, hakuketi, hakusalimia, akamwambia Mama, "Kuja." Basi. Mama akaacha uji motoni akaenda, na kabla ya mchana tukasikia vilio upande ule. Mimi nilikuwa mdogo, nikajumlisha mambo kwa hesabu yangu ya kitoto, nikapata jibu: mtu anayesema kwa ufupi ana hasira au ana msiba. Nilitembea na jibu hilo miaka mingi, na hakuna aliyelisahihisha.

Ndefu kuliko zote ilikuwa sala ya Mama ya asubuhi. Alimwita Mungu kwa majina yake yote, kama vile akiruka moja Mungu angedhani anaitwa jirani. Akashukuru kwa mvua, na kama hakuna mvua akashukuru kwa mawingu. Akatuombea sisi mmoja mmoja: Baba, mimi, wadogo zangu wawili, Tantini aliyekuwa Mbarara, watu wa Ankole waliotuuzia maziwa, na ng'ombe wenyewe. Mwisho kabisa, sauti ikiwa imeshuka, alisema, "Na Amani, umulinde kule iko." Hapo aligeuza uso kuelekea milimani. Nikamuuliza mtoto mmoja mkubwa, kule milimani ni wapi? Akasema ni Rugaaga. Basi, nikajua. Amani ni ndugu yetu fulani wa Rugaaga. Na kwa kuwa Rugaaga wanalima ndizi, nilianza kumchukia kimoyomoyo. Tunamwombea kila siku, uji unapoa, na yeye hajawahi kutuletea hata kichana kimoja cha ndizi.

Nilipofika darasa la tano Tantini akanichukua nikasome kwake Mbarara. Ni mdogo wake Mama. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Nyamityobora, katika mstari wa vyumba vinavyotazamana, katikati ua mmoja na bomba moja. Mbele ya mlango wake alipika maharage kwa sufuria kubwa, akiwauzia mafundi wa ujenzi na wanawake wa askari waliopita wakitoka sokoni. Maharage yake yalikuwa na jina. Watu walikuja na mabakuli yao kutoka mitaa mingine.

Shuleni mwalimu wetu wa Kiingereza, tuliyemwita Madam, akatupa insha: eleza likizo yako. Nikaandika kama binti aliyelelewa vizuri. Nikamsalimu Madam. Nikamuuliza mumewe hajambo, watoto hawajambo, na kwa kuwa nilisikia yeye ni wa Ankole, nikauliza na ng'ombe. Nikasema sisi ni wazima isipokuwa homa kidogo, lakini Mungu ni mkubwa. Nikamwombea kazi yake. Nilipofika mlangoni ili niseme ile likizo, karatasi ikaisha. Insha ilirudi na wino mwekundu chini: "Likizo iko wapi?" Darasa likacheka mpaka mwingine akashuka chini ya dawati. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilichoona ni kwamba nimemsalimu mtu mzima ukurasa mzima na hakujibu hata salamu moja. Nikamsikitikia Madam, nikasema labda hakupata mtu wa kumfunza.

Sasa chumba kinachotazamana na chetu kilikuwa cha askari. Mnene kidogo, mvi kidogo, amebakiza muda mfupi astaafu. Alitoka kambi ya jeshi jioni, akabadilisha nguo, akaketi kwenye ngazi yake na kopo la rangi, akang'arisha buti zake mpaka ukapita pale ukaona meno yako. Wote tulimwita Afande, hata mkewe alimwita Afande. Jeshini kazi yake ilikuwa redio. Si redio ya muziki, ile ya kuitana. Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshi la Uganda, kifupi, kimenyolewa, kila neno limesimama peke yake kama mlinzi. Siku ya kwanza aliponiona alininyooshea kidole akasema, "Wewe. Maji."

Nikakimbia. Nikaingia chini ya kitanda cha Tantini, nikakaa huko na viatu vya zamani, nikingoja nikamatwe kwa wizi wa maji ambao sikuwa nimeufanya. Jioni Tantini ndiye aliyenieleza: bomba lilikuwa limekauka tangu asubuhi, na Afande alikuwa ananiambia maji yamerudi, nilete jerikani kabla foleni haijaanza. Maneno mawili, na ndani yake kulikuwa na wema wote huo. Lakini nani angeuona? Mimi niliendelea kupita mbele yake nikiwa nimebana pumzi.

Halafu ikaja ile nafasi. Nilikuwa darasa la saba, na nyumbani mambo yalikuwa yamekwishapangwa bila mimi kuulizwa: nikimaliza mtihani narudi Nakivale kumsaidia Mama shambani, kwa maana sekondari tusingeiweza. Ndipo Madam akatangaza kwamba watu wa kanisa moja mjini wanatafuta msichana wa kumlipia shule ya bweni, hii hii niliyomo. Wanataka insha. Wewe ni nani, na kwa nini unataka kusoma. Ukurasa mmoja. Mwalimu alirudia akinitazama mimi tu: kitakachovuka ukurasa hakitasomwa.

Niliandika siku nne. Nilijaza nusu ya daftari. Kulikuwa na salamu, kulikuwa na ziwa na mashua zake, kulikuwa na mbuzi wetu aliyekula kitambulisho cha mjomba, kulikuwa na shukrani kwa Uganda kwa mpangilio wa alfabeti. Sababu ya kutaka kusoma ilikuja mwisho, mlangoni, mguu mmoja nje. Nilimpelekea Tantini, akasema ni nzuri sana, na akaniomba nipeleke kuni. Basi nikaketi uani naisoma tena kwa sauti, najipendeza mwenyewe, ndipo sauti ikatoka kwenye ngazi.

"Wewe. Leta."

Nilienda kwa sababu miguu ilikuwa imezoea kutii kabla ya kichwa. Afande hakulichukua daftari. Alikuwa amevaa buti moja mkononi kama soksi. Akanipa kifuniko cha kopo la rangi, kile cha bati ambacho ukikibonyeza katikati kinalia *tak*, ukikiachia kinalia tena.

"Hii redio," akasema. "Wewe nabonyeza, wewe nasema. Wewe nasema, watu yote nanyamaza, hapana tembea. Wewe naachia, mwingine naweza sema. Sawa?"

Akaamuru ua mzima. Mkewe aliyekuwa anafua akanyamaza. Watoto wakanyamaza. Tantini, aliyekuwa mbele ya mlango akipanga sahani, akanyamaza kwa kicheko, akidhani ni mchezo wa dakika moja. Nikabonyeza. *Tak*. Nikaanza kusoma, naibadilisha kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili nikienda.

Nilisoma salamu. Nilisoma ziwa. Nikafika kwa mbuzi, nikamwona Tantini anainua mkono kama mwanafunzi. Sikuachia. Nikasoma kitambulisho cha mjomba, kona kwa kona, jinsi kilivyotafunwa. Tantini akaanza kuruka. Nikadhani anafurahi. Nikaendelea na Uganda, herufi ya A, herufi ya B. Moshi ukapita katikati yetu. Mke wa Afande alikuwa ameziba mdomo kwa nguo iliyolowa. Afande peke yake hakutikisika. Aliketi pale, buti mkononi, kichwa kimeinama upande mmoja, akanisikiliza neno kwa neno kama vile kuna mahali atapelekwa na maneno hayo, mpaka nikafika kwenye neno la mwisho, nikaachia. *Tak*.

"Kwisha?" akauliza.

"Kwisha."

"Maharage pia kwisha."

Tantini hakunipiga, ila alinitaja kwa jina langu la ubatizo na la ukoo na la babu yangu mara nyingi, na mafundi wa ujenzi siku hiyo walikula mkate mkavu. Mimi nilisugua ile sufuria mpaka jioni. Afande alivuka ua akaja akasimama juu yangu, na kwa mara ya kwanza sikukimbia, labda kwa sababu mikono yangu ilikuwa ndani ya sufuria.

"Tantini iko na neno moja tu," akasema. "Moto. Lakini kitufe iko na wewe."

Kisha akasema jambo ambalo kwa kipimo chake lilikuwa hotuba. Alisema kule kazini zamani, alikokuwa porini, kulikuwa na mmoja aliyependa kuongea kwenye redio. Anaanza na salamu, anamsifu mkubwa, anaeleza hali ya hewa. Na mwingine yuko upande wa mbali anangoja kitufe kiachiwe. Yuko na mgonjwa. Anangoja.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nini. Nangoja."

Akarudi kwenye ngazi yake. Hakuniambia mgonjwa alipona au hakupona, nami nikarudi kusugua sufuria. Hiyo ndiyo siku nilipoacha kudhani mtu anayesema kwa ufupi ana hasira. Nilidhani sasa ana haraka tu. Nilikuwa nimesogea kidogo, sikuwa nimefika.

Tangu hapo kila jioni nilikwenda pale na daftari. Njia yake ilikuwa moja. Nasoma sentensi, yeye anauliza, "Huyo mtu nakosa hii, napotea?" Yaani msomaji asiposikia neno hili, atapotea njia? Kama hapotei, toa. Mbuzi akatoka, na nililia. Ziwa likatoka. Uganda ikapunguzwa kutoka alfabeti nzima hadi asante moja. Tatizo la Afande ni kwamba alikuwa hajui pa kusimama. Siku moja aliitengeneza yeye mwenyewe, akanisomea kwa fahari: "Mimi msichana. Iko Mbarara. Nataka soma. Mwisho." Nikamwambia, Afande, hii mtu akiisoma ataleta gari la wagonjwa. Akafikiri. Akasema gari likija si umepata? Tukagombana kama watu wa soko. Nilimrudishia sentensi moja ya shamba, akanitolea mbili za Mungu, nikamwambia Mungu anamwona, akasema Mungu yeye haongei sana. Hivyo hivyo, neno kwa neno, insha ikafika ukurasa mmoja, mstari wa mwisho ukigusa ukingo wa chini.

Ilikuwa na sentensi moja ambayo Afande hakuijua. Niliposoma mbele yake niliiruka. Ilikuwa inamhusu yeye.

Jumamosi kabla ya kuipeleka, Mama akaja kutoka Nakivale na mfuko wa mahindi na sombe, kisamvu cha kwetu, iliyotwangwa. Afande alikuwa kwenye ngazi yake na sare, ametoka kazini. Mama kwao alijifunza kuvuka barabara akiona sare, lakini adabu ni adabu, akasimama mbali kidogo akamsalimu.

"Jambo, baba. Muliamukaje?"

"Ndiyo."

"Bibi iko muzima?"

"Ndiyo."

"Na batoto?"

"Iko."

Mama aliendelea mpaka akamaliza ukoo, akaingia ndani akaninong'oneza, "Ule mwanaume iko na hasira ya nini?" Nikamwambia hapana, Mama, leo ameongea mengi.

Tulipomaliza kula nikaketi mlangoni niwasomee. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo nilitafsiri tena. Kwa mazoea nikachukua kifuniko cha kopo, nikabonyeza, na ua ukanyamaza wenyewe maana watu walishazoeshwa. Nikasoma mimi ni nani. Nikasoma, nyumbani tuko watoto watatu, mimi ni wa kwanza. Nikasoma shamba, nikasoma kwa nini nataka kusoma. Nilipofika kwenye ile sentensi ya jirani, ile ya Afande, sikuiruka. Nilisikia brashi ya buti ikisimama. Nikamaliza, nikaachia.

Mama alisifu mwandiko. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru Madam, akauliza Madam ana watoto wangapi. Hakuulizia salamu zilizotoka, hata mbuzi, ingawa alimpenda. Alisema ni nzuri sana, inaenda vizuri kama maji. Akasimama, akafunga kitenge, akabeba mfuko wake, kwa sababu gari la kurudi lilikuwa linamngoja barabarani. Akaaga. Akafika mlangoni, mguu mmoja nje.

"Na Amani," akasema. "Ulimuweka fasi gani?"

Mimi nikiwa mimi, nikacheka. "Amani wa Rugaaga?"

Tantini akageuka upande wa ukuta.

"Rugaaga?" Mama akasema. Alinitazama kama mtu anayesoma mwandiko mbaya. Nikamweleza, nikijichanganya: si yule tunayemwombea, aliye kule milimani, wa ndizi? Kuna mambo unayaamini ukiwa na miaka minne halafu unasahau kuyakagua, unakua nayo tu kama jino. Kwa midomo yangu mwenyewe nikasikia jinsi yalivyokuwa ya kijinga, na bado nikaendelea kueleza, kwa sababu nilikuwa Redio na sikuwa najua kuachia.

Mama aliweka mfuko chini.

"Ni mukubwa wako," akasema. "Alipoteaka mu njia. Weye ulikuwa mu mugongo yangu. Yeye nilimushika mukono." Akautazama ule mkono, wa kulia. "Bantu bakakimbia. Mukono ikaachia."

Basi. Mama wa sala ndefu, Mama wa majina yote ya Mungu, hakuongeza neno. Hakutaja mvua wala usiku wala milio. Nilimsubiri aendelee. Nilimkumbuka yule jirani wa kambini na lile neno lake moja. Hesabu yangu ya kitoto haikuwa imekosea yote. Na nikaelewa, kwa kuchelewa, kwamba sala yote ile ya asubuhi, Mungu na mawingu na ng'ombe wa watu, ilikuwa salamu. Alikuwa anatembea taratibu kuelekea mlangoni ili aweze kusema jina moja.

Nikaitazama karatasi yangu. Ilikuwa imejaa. Ukingo wa juu umejaa, ukingo wa chini umejaa, kila neno lilikuwa limepiganiwa. Kesho yake Jumapili ningeinakili kwa wino, Jumatatu ningeipeleka. Nikaanza kutafuta cha kutoa, na macho yalikuwa yameingia ukungu. Nikitoa shamba, msomaji anapotea. Nikitoa sababu ya kusoma, nimeandika nini?

Sauti ikaja kutoka ng'ambo ya ua. Haikuwa kubwa.

"Toa ile ya mimi."

Sote tukageuka. Afande alikuwa ameketi vilevile, buti mkononi, hakutuangalia.

"Ile ya jirani," akasema. "Huyo mtu nakosa mimi, hapana potea. Toa. Weka mtoto."

Mama hakuweza kujua yote tuliyozungumza, maana hakuwepo siku za kugombania maneno. Lakini sentensi ya jirani alikuwa ameisikia dakika chache kabla, na mama yangu hajasoma lakini si mjinga. Alivuka ule ua. Nilidhani sasa atamshukuru kwa njia ya kwetu, tutalala hapo. Alisimama mbele ya ile ngazi, mbele ya ile sare, karibu kuliko nilivyowahi kumwona akisogelea sare yoyote.

"Aksanti, baba," akasema.

"Ndiyo," akasema Afande.

Gari lake lilikuwa limeondoka. Akalala kwetu, na asubuhi akaniangalia nikinakili. Pale palipokuwa na jirani niliandika kwamba tulikuwa wanne, kwamba mkubwa wetu Amani alipotea njiani, na kwamba Mama bado anamtaja kila asubuhi. Mama aliniomba nimwonyeshe ni wapi hasa. Nikamwekea kidole chake juu ya jina. Alikiacha pale muda, wino ukashika kidogo kwenye ngozi yake, na hakuufuta mpaka alipokwenda kuosha sahani.

Ni hivyo nilivyofika katika bweni hili linalonuka rangi ya viatu. Afande alistaafu mwaka niliokuja, akahamia kwao Kabingo kwa ng'ombe wake. Chumbani kwake sasa anakaa kijana wa kuchaji simu ambaye haachi kupiga muziki. Likizo nikiwa kwa Tantini, simu yake hupokea ujumbe kutoka Kabingo: "Nasoma?" Najibu: "Nasoma." Ndio mazungumzo yetu yote, na Tantini husema sisi wawili tunaitia hasara kampuni ya simu. Mama bado anaomba kwa urefu ule ule. Nikiwa nyumbani siangalii tena uji. Nangoja jina.

Wasichana wakiniletea insha zao huwa natoa mengi, na wananung'unika. Lakini siku hizi kabla sijatoa kitu namwambia mwenyewe asome yote kwa sauti, mpaka mwisho, hata kama ni ya jua likitua, hata kama kengele ya chakula imelia. Wanadhani ni mbinu. Mmoja aliniuliza nilijifunza wapi, nikasema kwa mtu mmoja asiyependa maneno.

Ile sentensi niliitoa kama alivyosema, na sijaiandika tena mahali popote. Lakini hapa hakuna aliyenipimia ukurasa, na yeye yuko Kabingo, hawezi kunifikia na brashi yake. Ilikuwa hivi:

Jirani yetu ni askari, haongei sana, lakini mimi hunisikiliza mpaka mwisho.